Wingi wa Kamera Si Uhuru wa Kuchagua

Hoja ya insha hii ni rahisi kuieleza. Kampuni ya Canon inatengeneza aina nyingi mno za kamera, inazipa majina yasiyoeleweka, na gharama ya mkanganyiko huo haiilipi yenyewe. Inalipwa na mnunuzi wa mwisho kabisa, yule anayenunua kamera iliyokwisha kutumika, mbali na duka la kampuni, kwa fedha alizozikusanya kwa miezi mingi. Mnunuzi huyo sisi tunaosoma hapa Rubavu tunamfahamu. Ni kijana anayewapiga picha wageni ufukweni mwa Ziwa Kivu, anayefuata harusi kutoka kwenye gusaba hadi kanisani na kutoka kanisani hadi ziwani, na siku za katikati ya wiki anapiga picha za pasipoti. Watu wa hapa humwita gafotozi. Kwake kamera ni jembe lake.

Huenda mhadhiri au mwanafunzi mwenzangu akauliza: habari za kamera zinahusu nini somo la Kiswahili? Zinahusu sana. Kiswahili ni lugha rasmi nchini Rwanda tangu 2017, lakini kabla ya sheria hiyo kilikuwa tayari lugha ya soko la mpakani. Kamera iliyotumika inayouzwa Gisenyi huenda imepitia Dubai, Kampala, Kigali au Goma, na mara nyingi bei yake inapatanwa kwa Kiswahili. Katika mapatano hayo kila neno ni letu: betri, chaja, lenzi, flashi, bei ya mwisho. Neno moja tu si letu, nalo ndilo linaloamua kila kitu. Ni jina la kamera yenyewe. Muuzaji akitaja jina hilo, mnunuzi anapaswa kujua anauziwa nini. Kwa sasa hawezi kujua, na kosa si lake.

Nianze na majina. Mwaka 2019 Canon ilitoa kamera ndogo, nyepesi na nzuri. Ulaya iliitwa 250D. Marekani iliitwa Rebel SL3. Katika nchi kadhaa za Asia iliitwa 200D Mark II. Japani iliitwa Kiss X10. Ni kamera ile ile moja. Kama kampuni ingeuza kila jina katika nchi yake na kamera zikabaki huko, tusingekuwa na la kusema. Lakini kamera zilizotumika hazibaki. Zinahama kama watu. Kwa hiyo kijana wa Gisenyi anaweza kuonyeshwa kamera tatu katika wiki moja, akadhani analinganisha kamera tatu, kumbe analinganisha moja na yenyewe. Na kinyume chake: akiambiwa "200D", hana budi kuuliza kama ni ile ya 2017 au ni ile Mark II, ambayo ni kamera nyingine.

Mfano wa pili ni mbaya zaidi. Mwanzoni mwa 2018 Canon ilizindua kwa pamoja kamera mbili za bei ya chini, 2000D na 4000D. Ile ya 2000D inaitwa 1500D sehemu nyingine, na Marekani ni Rebel T7. Ile ya 4000D inaitwa 3000D sehemu nyingine, na Marekani ni Rebel T100. Mtu yeyote aliyejifunza kuhesabu ataamini kwamba 4000D ni bora kuliko 2000D, na kwamba 3000D iko katikati yao. Ukweli ni kwamba 4000D ndiyo duni. Kihisi chake, yaani kile kipande kinachopokea mwanga, kina megapikseli 18, na mwenzake ana 24. Kioo chake cha nyuma ni kidogo zaidi. Pete yake ya kufungia lenzi ni ya plastiki, na ya mwenzake ni ya chuma. Na 3000D haiko katikati ya chochote, kwa kuwa ndiyo hiyo hiyo 4000D iliyobadilishwa jina. Hapa hesabu tuliyofundishwa darasa la kwanza inageuka mtego.

Zamani kulikuwa na kanuni. Tarakimu zikipungua, cheo kinapanda: 5D juu ya 70D, 70D juu ya 700D, 700D juu ya 1200D. Haikuwa kanuni nzuri sana, lakini ilikuwa kanuni, na wapigapicha wa hapa waliishika. Kisha Canon ikaivunja yenyewe. Mwaka 2017 ilileta 77D, yenye tarakimu mbili, lakini chini ya 80D kwa umbali usiolingana na namba zake. Japani kamera hiyo hiyo iliitwa 9000D. Kisha zikaja kamera zisizo na kioo cha ndani, zenye herufi R. Ya kwanza, 2018, iliitwa R tu, bila namba. Iliyofuata, 2019, iliitwa RP. Baadaye zikaja R5, R6, R3, R7, R10, R50, R8, R100, na si kwa mpangilio huo wa namba. Kati ya hizo, R7 ina kihisi kidogo, na R8, ambayo kwa namba ingekuwa chini yake, ina kihisi kikubwa cha kipimo cha filamu ya milimita 35. Lakini R7 ina nafasi mbili za kadi na uwezo wa kutuliza mtikisiko ndani ya mwili wa kamera, na R8 haina. Ipi ni kubwa? Namba haiwezi kujibu. Na namba isiyojibu swali hilo imewekwa pale kwa kazi gani?

Mtu anaweza kusema kwamba jina ni jina tu, na mwenye bidii atatafuta habari kwenye intaneti. Sawa. Lakini tatizo haliishi kwenye jina. Limeingia ndani ya kamera, na hapo ndipo linapouma.

Hapa kwetu kuazimana ni sehemu ya kazi. Wapigapicha wanaoanza hawana kila kitu. Mmoja ana lenzi nzuri, mwingine ana betri mbili, wa tatu ana flashi. Siku ya harusi wanakusanya vifaa kama majirani wanavyokusanya viti na masufuria. Ushirikiano huo ndio unaomwezesha maskini kufanya kazi ya tajiri. Sasa tazama Canon inaufanya nini. Mwenye 600D au 700D anatumia betri ya LP-E8. Mwenye 1300D, 2000D au 4000D anatumia LP-E10. Mwenye 750D, 800D au 250D anatumia LP-E17. Mwenye 70D, 6D au 5D Mark III anatumia LP-E6. Ni betri nne, kila moja na chaja yake, na hakuna inayoingia mahali pa nyingine. Vijana wanne wanaweza kuwa wote na kamera za kampuni moja, wakasimama kwenye harusi moja, betri ya mmoja ikaisha bibi harusi akiwa anaingia, na wengine watatu wakashindwa kumsaidia.

Hakuna sababu ya kiufundi inayolazimisha hali hiyo, na ushahidi unatoka kwa Canon wenyewe. Betri ya LP-E6 ilikuja na 5D Mark II mwaka 2008. Imeboreshwa mara kadhaa, lakini umbo lake limebaki, na R6 ya 2020 pamoja na R7 ya 2022 bado zinaipokea. Kwa hiyo kampuni inajua kutengeneza betri moja inayodumu zaidi ya miaka 10. Hekima hiyo imewapa wanaonunua kamera za bei ya juu. Wanaonunua za bei ya chini imewaacha wabadilishe betri kila wanapobadilisha kamera.

Kwenye lenzi hali ni hiyo hiyo. Tangu 1987 Canon ina lenzi za EF. Mwaka 2003 iliongeza EF-S kwa kamera za kihisi kidogo. Lenzi hizo hazifungi kwenye 5D wala 6D. Mwaka 2012 ilileta EF-M kwa kamera zake ndogo za M. Mwaka 2018 ikaleta RF. Lenzi ya EF ya zamani unaweza kuitumia kwenye kamera ya R kwa kipande cha kuunganisha, na kwa hilo Canon wanastahili sifa. Lakini aliyeweka akiba yake kwenye EF-M hana daraja la kuvukia: lenzi zake haziingii kwenye kamera za R, na kufikia 2023 familia yote ya M ilikuwa imeachwa. Kamera ya M50, iliyotoka 2018 na kupendwa sana na vijana wanaorekodi video, ilikuwa ndani ya familia hiyo. Walionunua hawakuambiwa kwamba wanaingia kwenye barabara isiyo na mwisho mwema.

Na flashi. Juu ya kamera kuna kiti cha chuma cha kuwekea flashi, na katikati yake pini moja ambayo kwa miaka mingi imekuwa kama lugha ya pamoja: flashi ya kampuni yoyote ikiguswa na pini hiyo inawaka. Kwa mpigapicha asiyeweza kununua flashi ya Canon, pini hiyo ndiyo inayomruhusu kutumia ya bei nafuu. Kwenye 250D Canon iliiondoa. Kwenye R50 ya 2023 ilikwenda mbali zaidi: hata flashi nyingi za Canon yenyewe zinahitaji kipande cha kuunganisha kiitwacho AD-E1, kinachouzwa peke yake. Angalia ni kamera zipi. Ni zile za watu wanaoanza, wale ambao flashi ya bei nafuu ndiyo pekee wanayoiweza.

Tuchukue mfano wa kubuni ili tuone hesabu inavyokwenda. Kijana ana kamera ya 700D, betri mbili, lenzi mbili na flashi ya kampuni ya bei nafuu. Amefanya kazi, ameweka akiba, na sasa anataka kupanda ngazi. Anauza 700D na kununua 250D kwa sababu ni mpya zaidi na ni ya kampuni ile ile. Betri zake mbili zimekuwa takataka siku hiyo hiyo, pamoja na chaja. Flashi yake haiwaki. Amebaki na lenzi tu. Fedha aliyodhani ni ya kupandia ngazi ameitumia kurudi pale pale alipokuwa. Tajiri katika hali hiyo atakasirika kidogo, kisha atanunua betri nyingine. Kijana huyu atapoteza harusi za mwezi mzima.

Wapo watakaonijibu kwamba kampuni inatengeneza kamera nyingi kwa ajili ya kumhurumia maskini, ili kila mfuko upate ya kwake. Hoja hii inasikika vizuri, lakini haisimami. Bei nafuu haihitaji aina nyingi. Kamera ya mwaka juzi ikishushwa bei inakuwa kamera ya bei nafuu, na inakuwa bora kuliko iliyotengenezwa kwa makusudi iwe duni. Tena, kupunguza uwezo si mara zote kunapunguza gharama ya kutengeneza. Mwaka 2019 Canon ilitoa 90D bila kasi ya video ya picha 24 kwa sekunde, kasi ambayo watengenezaji wa filamu wameizoea duniani kote. Watumiaji walilalamika. Canon ikaiongeza baadaye kwa kubadilisha programu ya ndani tu. Mashine ilikuwa inaweza tangu mwanzo; ilikuwa imefungwa mdomo. Hapo hatuoni huruma kwa maskini. Tunaona mfanyabiashara anayegawa kamera katika madaraja ili aliye daraja la chini daima ahisi amepungukiwa na kitu.

Wengine watanikumbusha historia ya karibu. Mwezi Oktoba 2019, Mara Phones ilizindua kiwanda cha simu Kigali ikiwa na simu mbili tu, Mara X na Mara Z. Kampuni ya Tecno ina Pop, Spark, Camon, Pova na Phantom, na kila familia ina matoleo yake. Leo katika mitaa ya Gisenyi ni zipi tunaziona mikononi mwa watu? Ni swali zuri, na sitaki kulikwepa. Aina chache pekee hazitoshi kuokoa kampuni. Bei, matangazo na mafundi navyo vina nafasi yake. Lakini simu na kamera si kitu kimoja. Simu unainunua nzima. Hainunuliwi na lenzi, flashi na betri za kubadilisha, na chaja yake unaweza kuiazima kwa jirani bila kumuuliza ana Spark au Camon. Kamera ni familia ya vifaa. Ukibadilisha kimoja unavigusa vyote. Ndiyo maana wingi wa aina za simu ni kelele tu, lakini wingi wa aina za kamera ni hasara.

Tena simu ndiyo sababu kampuni za kamera zinapaswa kusikiliza. Mwaka 2010 viwanda vya kamera vilisafirisha kamera za dijitali zaidi ya milioni 120 duniani. Miaka 10 baadaye, 2020, zilikuwa chini ya milioni 9. Mtu wa kawaida amekwisha kuhamia kwenye simu, na harudi. Aliyebaki ni yule anayeihitaji kamera kwa kazi, na huyo hahitaji kuchaguliwa kati ya aina kumi zinazokaribiana. Anahitaji chombo anachokielewa na kinachopatana na vya wenzake. Soko la watu milioni 120 lingeweza kubeba upuuzi mwingi. Hili la sasa haliwezi.

Sasa nipendekeze, maana kulaumu bila kupendekeza ni kazi nyepesi. Steve Jobs aliporudi Apple mwaka 1997, alikuta kompyuta za aina nyingi ambazo hata wauzaji hawakuweza kuzitofautisha. Alichora miraba minne: ya nyumbani na ya wataalamu, ya mezani na ya kubeba. Mashine moja kila mraba. Canon nayo ianze na miraba minne. Kamera ya kujifunzia, yenye kihisi kidogo. Kamera ya kazi, yenye kihisi hicho hicho lakini mwili imara na nafasi mbili za kadi. Kamera ya kihisi kikubwa kwa anayepiga sherehe za usiku na kanisa lenye mwanga hafifu. Na kamera ya mtaalamu wa juu, wa viwanja vya michezo na habari. Zote nne ziwe na pete moja ya lenzi, betri moja, na kiti cha flashi chenye pini ya katikati. Zote ziwe na jina moja dunia nzima. Na toleo jipya likija, liitwe la pili, la tatu, la nne.

Jambo hili si geni kwa Canon. Kamera ya 5D ilikuja 2005. Ya pili ikaja 2008, ya tatu 2012, ya nne 2016. Jina moja, na namba inayosema ukweli. Ndiyo maana mpigapicha wa harusi asiyejua Kiingereza anaweza kusema "Mark Two" au "Mark Three" na kila mtu sokoni akamwelewa: umri wake, bei yake, betri yake, lenzi zake. Maneno hayo yameingia katika mazungumzo yetu kwa sababu yalikuwa na maana. Hakuna aliyelazimika kuyafafanua. Hiyo ndiyo heshima ambayo kampuni ilimpa mnunuzi wa kamera ya juu, na ndiyo ninayoidai kwa mnunuzi wa kamera ya chini.

Na sisi wanafunzi wa Kiswahili tusikae tukingoja Tokyo. Kuna kazi tunayoiweza leo. Tunaweza kuandika orodha fupi, kwa Kiswahili sanifu kinachoeleweka Gisenyi na Goma, inayoonyesha kamera ipi ni ipi: 250D ndiyo 200D Mark II, ndiyo Rebel SL3, betri yake ni hii, flashi hizi haziwaki. Ukurasa mmoja unatosha. Tunafanya insha nyingi juu ya kukuza msamiati wa teknolojia. Hapa kuna msamiati ambao ukikosekana mtu anapoteza fedha yake siku hiyo hiyo.

Mwaka 2014 Canon ilianzisha nchini Kenya mpango wa kuwafundisha vijana wa Afrika kupiga picha na kutengeneza filamu ili wajipatie riziki. Mpango huo iliupa jina la Miraisha, kwa kuunganisha neno la Kijapani "mirai", yaani wakati ujao, na neno letu "maisha". Ni jina zuri, na sina shaka kwamba wapo waliofaidika. Lakini kampuni iliyoazima neno letu inapaswa pia kusikia tunachomaanisha tunapolitamka. Maisha ya gafotozi yamo katika betri inayoingia, flashi inayowaka na jina lisilomdanganya. Mafunzo ya wiki moja hayawezi kufidia kamera inayomfilisi kila anapojaribu kupanda ngazi. Canon ipunguze kamera zake, ili zile zitakazobaki zimfae anayezitegemea.